Jogoo wa Mianzini

Kuku wa Bi Yangjom walikuwa wamejibanza chini ya upenu wa jiko, wamelowa na kununa, na mvua ya mawe ilikuwa ndiyo kwanza inakatika. Inspekta Sancharani Nembang aliwaona alipokuwa akikung'uta buti zake mlangoni. Aliona pia kwamba mlango wa banda lao ulikuwa umefungwa kwa kamba. Alikuwa amepanda mlima tangu asubuhi, goti la kushoto linamlalamikia kila hatua, na alichokitaka kabla ya yote ni chai.

"Kuku wako wana kesi gani, dada?" aliuliza, akipokea kikombe kwa mikono miwili. "Mbona wamefungiwa nje?"

"Muulize mpishi wa watalii," alijibu Bi Yangjom, mwenye nyumba ile ya wageni, mwanamke mnene ambaye ulimi wake haukujua likizo. "Asbahadur kasema banda lina utitiri, kalipulizia dawa. Eti wasiingie mpaka kesho. Nyumba yangu, kuku wangu, amri zake!"

Inspekta alicheka, akanywa chai yake ya chumvi na siagi mpaka ikaisha. Konstebo Tikaram, aliyepanda naye, alikuwa bado anahema kwenye benchi. Yeye alikuwa kijana wa mabondeni, milima ilikuwa haijamzoea.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya kijiji cha Thulodhap, kwenye msitu wa mianzi ulioegemea mpaka wa mashariki wa Nepal, aliishi ndege mmoja dume aitwaye munal. Ukubwa wake ni wa jogoo, kifua chekundu kilichonyunyiziwa madoa meupe, na akimtongoza jike hutoa vipembe viwili vya buluu kichwani ambavyo mtu akiviona mara moja havisahau. Furtemba Sherpa, muongoza watalii wa kijiji, alimfahamu ndege huyo majira mengi ya kuchipua. Alimwita Mjomba, kwa sababu alikuja kwa kelele na kuondoka bila kuaga. Watu walitoka mbali kumtazama Mjomba, nao walilala kwa Bi Yangjom, wakala viazi vya jirani, wakapanda nyumbu wa jirani mwingine. Kijiji kizima kilikula kwa mgongo wa ndege mmoja.

Na asubuhi ile Furtemba aliwapeleka wageni wake kumwona, wakakuta tanzi na manyoya.

Ofisi ya hifadhi ilikuwa imetoa neno lake kwa redio: anayeijua njia ya ndege ni muongoza watalii peke yake, basi muongoza watalii ndiye wa kuulizwa. Ndege asipopatikana kabla ya Inspekta kushuka kesho, kibali cha Furtemba kishuke naye, na njia ya msituni ifungwe.

Furtemba hakungoja kudaiwa. Alikivua kibali shingoni, kile kikadi chenye picha yake ya ujanani kilichoning'inia kwenye uzi, akakiweka juu ya meza.

"Chukua tu, afande. Nisije nikaonekana nakificha."

"Nani kakwambia nakihitaji?" Lakini alikichukua, akakitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. "Nipeleke huko kwa mjomba wako."

Msitu ulikuwa umechanua. Miti ya guras ilikuwa myekundu tangu shinani hadi kileleni, na ardhi chini yake imetandikwa maua yaliyopigwa na mvua ya mawe. Furtemba alitembea mbele kimya, mtu ambaye kwa kawaida hawezi kupita ndege asimtaje kwa jina. Walipofika, Inspekta alipiga magoti, goti likalia, akalitukana kwa Kilimbu, lugha ya kwao.

Mtego ulikuwa kazi safi. Kiuzio cha vijiti, kimo cha kifundo cha mguu, kilikatiza njia ya ndege katikati ya mianzi, na kimeachwa kipenyo kimoja tu. Kwenye kipenyo hicho palikuwa na tanzi la singa za mkia wa nyumbu, zilizosokotwa tatu tatu.

"Mkono wa nani huu?" aliuliza.

Furtemba alikuna shingo pale ulipozoea kukaa uzi wa kibali. "Wa hapa kwetu, afande. Wazee walitega hivi zamani. Hata kama najifunga kamba mimi mwenyewe, siwezi kukudanganya."

"Wewe una nyumbu?"

"Ninaye. Ila mkia wake umebaki kama brashi ya mswaki. Ng'ombe wa Bi Yangjom waliutafuna."

Inspekta aliokota manyoya, moja baada ya jingine, akayaweka kwenye bahasha. Yote madogo, ya kifuani. Hapakuwa na hata moja la bawa wala tone la damu. Aliyemnasa ndege huyu alimshika kwa uangalifu, akambana mabawa, akaondoka naye mzima.

"Waliopajua hapa ni nani, ukijitoa wewe?"

"Niliowaleta juzi. Bwana Guha na mkewe, wa Kolkata. Bwana Thakur, yule mzee wa milima ya magharibi, upande wa Kullu, huko India. Na Asbahadur, alibeba birika la chai."

Hatua chache kutoka pale, nyuma ya jiwe, majani yalikuwa yamelala kana kwamba mtu aliketi hapo muda mrefu. Inspekta aliinama akaokota kijikaratasi cha pipi ya tangawizi. Furtemba alikitazama, akafumba macho.

"Bwana Guha," alisema kwa huzuni. "Hula hizo tangu asubuhi hadi jioni. Afande, yule ni mtu mwema. Kila mwaka anakuja kwangu."

"Wema wamo magerezani pia. Twende."

Bwana Guha, mwalimu mstaafu mwenye miwani minene, alikana kwa muda mfupi sana. Inspekta aliweka kikaratasi juu ya meza. Mzee alikitazama, akaitazama pipi iliyokuwa mkononi mwake, akaitia mdomoni haraka kana kwamba ushahidi ukilika umekwisha.

"Mwambie ukweli, baba Tukai," alisema mkewe, bila kuinua macho kwenye sweta aliyokuwa akifuma. "Ama nimwambie mimi?"

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza miaka yote ya ndoa. Ana spika, afande. Imo kwenye soksi."

Spika ilitolewa kwenye soksi. Ilikuwa ndogo kama ndimu. Bwana Guha alikiri akiwa ameinamisha kichwa: jana jioni alitoroka peke yake, akajificha nyuma ya jiwe, akapiga sauti ya munal ili dume asikie kuna mpinzani na atoe vile vipembe vya buluu apigwe picha. Kwa waongoza watalii wa milima ile, hiyo ni aibu kubwa. Ndege huacha kula, huzunguka msitu akitafuta adui asiyekuwepo.

"Na munal akaja?" aliuliza Inspekta.

"Akaja! Munal mwenyewe! Akasimama pale, afande, mwekundu kama bibi harusi..." Macho yalimng'aa, kisha akakumbuka yuko kwenye mahojiano. "Ila tanzi halikuwepo. Naapa. Kiuzio hicho ningekikanyaga."

"Picha?"

"Zimetoka na ukungu," alisema mkewe. "Mungu si Athumani."

Furtemba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Bwana Guha," alisema taratibu, "miaka yote hii, kwa nini hukuniomba mimi?" Mzee hakuweza kumtazama. Inspekta alichukua spika, akamwachia pipi zake. Mzee alikuwa na kosa, ila si lile lililompandisha yeye mlimani. Na alikuwa amempa kitu cha maana: jana jioni Mjomba alikuwa huru. Tanzi lilitegwa baada ya hapo, naye akanaswa alipotoka kula alfajiri.

Jikoni, Asbahadur Rai, mpishi wa msafara, alikuwa akikata mikunjo michanga ya makangaga, ile mboga ya porini inayochipua wakati ule wa mwaka. Fungu lake lilikuwa kubwa hata likamficha kifua. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa.

"Mboga yote hiyo, kaka?" aliuliza Inspekta. "Leo kuna karamu?"

"Wageni wanaipenda, afande."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nikiwasha moto."

Bi Yangjom aliingia na ndoo, akaingilia kati bila kuitwa. "Watu walikuwepo, niliwasikia. Walikuwa wanagombana humu, mimi niko chumbani kwangu, ubao tu katikati."

Kisu cha Asbahadur kilisimama, kisha kikaendelea.

"Nani na nani?" aliuliza Inspekta.

"Ningewajulia wapi, dada, na birika linanguruma? Watu wa ndege hawa! Mmoja anasema, 'Huyu si munal! Mimi nilikwambia munal!' Mwenzake anasema, 'Munal ndiye huyu, bwana, hata mtoto anayenyonya anamjua.' Wanaoneshana picha, nani ajuaye. Mwaka jana wanaume wawili hawakusemezana safari nzima kwa sababu ya mkia wa ndege ambaye hata hashibishi paka. Mimi nikajifunika blanketi nikalala."

Tikaram aliyaandika maneno hayo, akasita, akauliza kwa kunong'ona kama kweli ni ya maana. Inspekta aliinua mabega. Watu wa ndege walibishana alfajiri, hilo lilikuwa jambo la kawaida kama moshi jikoni.

Alasiri ilipoelekea jioni, theluji ilianza kuanguka kule juu, kwenye nyasi za kileleni. Wote waliketi kulizunguka jiko la moto. Asbahadur aliandaa wali, dengu, viazi na achari ya figili. Inspekta alikula kwa furaha ya wazi, kwa maana alipenda chakula na hakuona sababu ya kulificha hilo. Aliomba viazi mara ya pili. Alipokuwa akitafuna pilipili, alitazama sahani zote, moja moja.

Bwana Thakur aliketi mkabala naye, mzee nadhifu, ndevu zimechanwa, kofia ya sufu yenye ukingo wa rangi kichwani. Alikuwa na adabu ya watu wa zamani. Alimmiminia maji bila kuombwa.

"Safari imekuridhisha, baba?" aliuliza Inspekta.

"Sana, binti yangu. Milima ni ile ile kila mahali. Namsikitikia tu kijana huyu." Alimwelekezea Furtemba kidevu. "Lakini nikuambie ukweli, mimi mkinihoji mtapoteza muda. Kutwa nzima watu wanalia, munal, munal. Yule mwekundu simhitaji. Kwetu yule hata siye munal."

"Siye?"

"Aa, wapi! Wa kwetu anayefanana na yule tunamwita jujurana. Munal ni mwingine kabisa. Munal ana rangi zote kama za upinde wa mvua, anachimba mizizi kwenye nyasi za juu, theluji ikianguka anashuka. Na ana shungi kichwani, shungi linang'aa kama shaba."

"Huyo ni danfe," alisema Furtemba, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. "Danfe wa rangi tisa! Munal ni Mjomba, bwana."

"Hapa kwenu. Kwetu ni munal."

"Mimi nilisumbuka na hilo safari yangu ya kwanza," alidakia Bwana Guha. "Sasa nimezoea, nasema munal kama wao."

Wote walicheka, na kicheko kilikuwa kizuri, cha watu walioshiba. Inspekta aliweka kijiko chini.

"Na shungi hilo, baba. Kwenu mnalifanyia nini?"

"Ah." Mzee aligusa kofia yake bila kujua. "Siku hizi sheria imekataza. Ila zamani bwana harusi asiye na shungi la munal kofiani, watu walimuuliza kama anaoa au anakwenda sokoni."

"Mwanao anaoa lini? Bi Yangjom aliniambia umenunua shali za bibi harusi njiani."

Mzee aliivuta kofia hadi kwenye nyusi. Moto ulipasua kuni. Inspekta alimgeukia mpishi, aliyekuwa amesimama na upawa mkononi.

"Asbahadur, kaka yangu. Ile mboga ya makangaga iko wapi? Wageni wanaipenda, na sahanini hakuna hata jani."

Upawa ulidondosha dengu kwenye kiatu chake, tone kwa tone.

Inspekta alisimama, akachukua taa, akatoka nje. Wote wakamfuata hadi uani. Kuku walikuwa wamejipanga juu ya kuni, wakimtazama kama watu wanaongoja hukumu ya nyumba yao. Alifungua kamba ya banda, akapiga magoti kwa mara ya pili siku ile, akaingiza taa.

Ndani, nyuma ya fungu la makangaga yaliyodonolewa, alisimama Mjomba. Alikuwa mwekundu, mwenye hasira, na mguu wake mmoja umefungwa kwa uzi wa sufu.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema Inspekta.

Furtemba alitoa sauti ambayo si neno. Aliingia bandani kwa magoti na viwiko, akamfunika ndege kwa koti lake, akatoka amemkumbatia, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila aibu. "Mzima," alisema. "Mzima, afande, moyo unampiga, mguse."

"Aliniambia munal!" Asbahadur alilipuka, akimnyooshea kidole Bwana Thakur. "Kaniapia kwa miungu yote, niletee munal, nitakupeleka ukapike kwenye hoteli ya mwanangu, uache kubeba masufuria milimani. Nikamletea munal! Anamwangalia, anasema siye! Mimi nifanye nini? Siwezi kumrudisha mchana, watu wamejaa msituni. Nikasema nimlishe, nimwachie usiku. Sikutaka afe, Furtemba. Nimemlisha mboga yote."

"Na utitiri?" aliuliza Bi Yangjom, mikono kiunoni. "Utitiri wa banda langu?"

"Hakuna utitiri, mama."

"Mshenzi! Umenitia aibu mbele ya wageni!"

Bwana Thakur alikuwa bado na adabu. "Mpishi mwongo, binti yangu. Una neno lake tu."

"Nina neno lako mwenyewe, baba. Alfajiri kuna mtu alimtazama ndege huyu uso kwa uso, akasema si munal. Hapa Thulodhap nitafute mwaka mzima, sitapata mtu wa kusema hivyo. Bi Yangjom asingesema, Furtemba asingesema. Bwana Guha naye kashazoea. Nimekaa kwenye moto ule nikamsikia mmoja tu, wewe. Na mtu akiukataa mzigo, mzigo unabaki kwa aliyeuleta. Ndiyo maana nilijua hajafika mbali." Alijinyoosha akishika goti. "Usingefungua mdomo kumkana ndege, ningeshuka kesho mikono mitupu. Njia ya mwongo ni fupi."

Mzee alivua kofia yake. Alionekana mdogo bila kofia. "Ni mwanangu wa pekee," alisema.

Kulikuwa bado na mwanga kidogo. Furtemba alipanda mianzini na ndege kifuani, Inspekta nyuma yake akichechemea, Bwana Guha nyuma yao akiwa ameombewa ruhusa na mkewe. Kiuzio walikuwa wamekwisha kuking'oa. Furtemba alikata uzi wa mguuni kwa meno, akaweka koti chini, akalifunua. Mjomba alisimama, akajikung'uta, akawatazama kwa dharau kubwa, akaingia mianzini kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini.

"Hakuaga," alisema Bwana Guha kwa sauti ya chini.

"Lini aliwahi kuaga?" alijibu Furtemba.

Inspekta alifungua kifungo cha mfuko, akatoa kibali, akauvika uzi shingoni mwa Furtemba mwenyewe, kama shada. "Ile picha yako ya zamani sana," alimwambia. "Watu watadhani umeiba kitambulisho cha mwanao."

Asubuhi kulikucha kweupe. Theluji ilikuwa imeshuka hadi kwenye uwanja wa nyasi chini ya kijiji, na kutoka mianzini ilisikika sauti ndefu ya kulia, kama mtoto aliyenyimwa kitu. Mjomba alikuwa akitukana ulimwengu. Bi Yangjom alisema kelele hizo hazikuwahi kumfurahisha hivyo, akawarudisha kuku wake bandani kwa heshima zote.

Walishuka pamoja. Pingu ilikuwa moja tu, kwa hiyo Konstebo Tikaram aliwafunga Bwana Thakur na Asbahadur mkono kwa mkono, nao walitembea kama ndugu waliogombana njiani. Furtemba aliwasindikiza na wageni wake hadi uwanjani, darubini begani. Hapo alisimama ghafla, akainua kiganja.

Pembezoni mwa theluji, ndege mkubwa alikuwa akichimba nyasi kwa mdomo. Jua lilimpata. Shingo ikawa kijani, ikawa shaba, ikawa zambarau, mgongo ukawa buluu, na juu ya kichwa shungi lilitikisika kila alipodonoa.

Furtemba alisimamisha darubini kwenye miguu yake mitatu, akailenga, akarekebisha. Akawatazama wageni wake, kisha akawapita, akaishusha darubini hadi kimo cha mzee aliyefungwa.

"Tazama, bwana," alisema. "Uje mpaka huku urudi hujamwona? Nitaona haya mimi."

Bwana Thakur aliinama. Asbahadur alilazimika kuinama naye. Mzee alitazama kwa muda mrefu, na alipojiinua macho yake yalikuwa na maji.

"Munal," alisema.

"Danfe," alisema Asbahadur kwa uchungu, akivuta mkono wao wa pamoja ili naye achungulie. "Danfe, mzee wangu. Ungesema tu danfe."